Mchuma Dhahabu Hula na Nani?

Swali limetufikia kutoka Nyarugusu, katika Jimbo la Geita, nalo si dogo kama linavyoonekana kwa kulisoma mara moja. Mama mmoja, Mkristu wa ndoa na mzazi wa watoto watano, ataka kujua kama mume wake atenda dhambi kwa kula katika mgahawa mpya uliofunguliwa kando ya barabara iendayo machimboni. Asema waziwazi kwamba mume wake si mlevi, wala hana nyumba ya pili, wala hajapata kuacha kutoa fedha za matumizi. Ila kila mara duara lao linapotema dhahabu, yeye na wenzake huenda jioni katika mgahawa huo kula nyama iletwayo mezani juu ya sahani ya chuma iliyotoka motoni, mafuta yangali yakitatarika. Nyumbani, siku hiyo kama siku nyingine zote, watoto wamekula ugali na dagaa. Siku alipomwuliza, alijibiwa kwa swali: “Nimeiba cha nani?” Naye mama huyo amaliza barua yake kwa kutuletea sisi maneno hayo hayo. Je, kaiba cha nani?

Twapenda kumjibu mbele ya wasomaji wote, kwa maana twajua kwamba barua hii ingaliweza kuandikwa na mama wa Mererani, wa Chunya au wa Tarime. Na ingaliweza kuandikwa pia na mke wa karani wa Mwanza au wa dereva wa malori wa Dodoma. Popote fedha inapoingia mkononi kwa ghafula, meza mpya huandaliwa upesi ili kuipokea. Mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilipita dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja, jambo lisilopata kutokea kabla ya hapo. Basi si ajabu kwamba penye machimbo kuna watu wenye kupika, wenye kuchoma na wenye kuuza vinywaji. Yafaa jambo hili tulifikiri sasa, kabla halijawa desturi isiyoulizwa tena.

Kwanza tukieleze chakula chenyewe, ili msomaji asiyekijua asidhani kuna siri. Wapishi hukiita sizla. Sahani nzito ya chuma huwekwa juu ya moto mkali mpaka ishike moto kabisa, kisha huwekwa juu ya ubao ili mchukuzi asiungue. Juu yake hutandikwa majani ya kabichi, hupangwa nyama au kuku au samaki, pamoja na viazi, vitunguu na karoti. Na mwisho kabisa, kabla ya kutoka jikoni, humiminwa mchuzi au siagi, ndipo chuma kinapopiga kelele na moshi kutanda. Mapishi haya yalipata umaarufu mjini Mumbai, India, katika miaka ya 1960, nayo yakaenea katika migahawa ya Kihindi, pamoja na ile ya Nairobi na Dar es Salaam. Ukiondoa moshi na kelele, kinachobaki ni nyama, kitunguu na kabichi, vitu vinavyopatikana katika soko lolote la Usukuma. Lakini moshi na kelele ndivyo hasa vinavyonunuliwa. Sahani hiyo ipitapo, kila kichwa hugeuka. Na aliyeiagiza hupata, kwa muda mfupi, heshima ambayo huko shimoni hakuna wa kumpa.

Tusiicheke heshima hiyo. Mchimbaji mdogo hushuka kwa kamba katika shimo lililotegemezwa kwa magogo, akapasua mwamba gizani, akavuta vumbi la mawe mchana kutwa, na mara nyingi wiki hupita, hata miezi, bila kuona chochote. Likipatikana jiwe lenye dhahabu, mifuko hugawanywa: kwa mwenye leseni, kwa mwenye duara, kwa waliogharimia, na kwa waliochimba. Kisha mawe hupelekwa kusagwa katika makarasha, yakaoshwa mialoni, dhahabu ikakamatwa kwa zebaki. Mtu aliyepitia yote hayo, akaketi jioni moja juu ya kiti kizuri, akaletewa chakula na binti aliyevaa nguo safi na kumwita “mheshimiwa”, hakuna haja ya kumwuliza kwa nini amependezwa. Sisi tunaoandika tukiwa tumeketi kivulini hatuna ruhusa ya kumdharau.

Wala Kanisa halijapata kufundisha kwamba chakula kitamu ni kitu kibaya. Bwana wetu Yesu Kristu alifanya ishara yake ya kwanza katika karamu ya arusi huko Kana, na divai aliyoitoa haikuwa ya hali ya chini. Alikaribishwa na watoza ushuru, akaenda. Hata adui zake wakamzushia kwamba ni mlafi. Mtakatifu Paulo alimwonya Timoteo juu ya watu watakaokuja kuwakataza waamini vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa seminari zetu, aliyefariki mwaka 1274, afundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili uchokavyo, na kwamba pumziko la roho ni furaha. Hata amwona mtu asiyekubali mchezo wala kicheko chochote kuwa ana kasoro.

Mtakatifu huyo huyo, alipoandika juu ya ulafi, ambao ni mmoja katika vilema vikuu saba, alionyesha njia tano ambazo mtu hukosa kwa kula: kula kabla ya wakati wake, kutaka vya ghali, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya anasa. Tukimpima mume wa mama yetu kwa njia hizo tano, huenda tukamkuta na doa dogo katika ile ya pili au ya tano. Lakini mtu anayekula nyama nzuri mara chache kwa mwaka, baada ya kazi ya kuvunja mgongo, hatuwezi kumwita mlafi. Kama swali lingekuwa hilo tu, tungalimwambia mama asiwe na wasiwasi, na maandishi haya yangaliishia hapa.

Lakini swali lake silo hilo. Mama huyu hakuuliza mume wake amekula nini, wala amekula kiasi gani. Analouliza ni kwamba amekula na nani, na nani hakuwapo. Fadhila ya kiasi hutazama kinywa cha mlaji na yale yaingiayo humo. Lakini kuna fadhila nyingine, ndiyo haki, ambayo huitazama meza nzima na kuhesabu viti. Mtu aweza kuwa na kiasi kamili katika chakula chake, naye amevunja haki. Hapo ndipo neno lile “Nimeiba cha nani?” linapostahili kujibiwa, kwa maana mume mwenyewe, bila kujua, ameuliza swali la haki. Tutayachukua majibu yake moja moja, kwa heshima, kama yangalivyosemwa na mtu mwenye akili timamu.

Kwanza atasema: “Fedha hii ni jasho langu.” Ni kweli. Lakini wahenga walisema, “Mchuma janga hula na wa kwao”, na yatupasa kuutafakari usemi huo tukiwa tumesimama penye mdomo wa shimo. Mchimbaji akivunjika mguu, ni nani atakayemwogesha na kumgeuza kitandani? Vumbi likimharibu mapafu, ni nani atakayekesha akimsikiliza akikohoa? Zebaki ikichomwa karibu na nyumba, moshi wake huwadhuru zaidi watoto wadogo, na hata mtoto aliye tumboni. Duara likikauka miezi mitatu, ni nani anayekwenda kukopa unga, na ni mtoto gani anayerudishwa shuleni kwa kukosa madaftari? Katika janga, hakuna mume asemaye, “Hili ni langu peke yangu, wengine msiliguse.” Janga hupelekwa nyumbani moja kwa moja, likagawanywa kwa wote, hata kwa mtoto anyonyaye. Basi kama mchuma janga hula na wa kwao, kwa sheria gani mchuma dhahabu aile peke yake?

Tena sheria ya machimbo yenyewe yamhukumu. Kila mchimbaji ajua kwamba mtu aliyetoa unga, maharage na mafuta ya kuwalisha wachimbaji wakati wa kutafuta ana fungu lake siku duara linapotema, ingawa hakushika nyundo hata mara moja. Hakuna anayemwambia, “Wewe ulileta chakula tu.” Ni haki iliyo wazi: aliyewalisha watu katika miezi mitupu ni mshirika wao katika siku ya mavuno. Sasa tumwulize mume huyu: katika miezi ile mitupu, ni nani aliyekulisha wewe? Ni nani aliyeamka saa kumi alfajiri kupika uji, akakufulia nguo za udongo, akapalilia mihogo ili uache fedha kidogo ulizo nazo kwa ajili ya kamba na baruti? Huyo ni mgharimiaji wa duara lako. Jina lake halikuandikwa popote pale wenye mafungu walipoandikwa, lakini Mungu amelisoma.

Mume huenda akajibu kwamba meza yake ya mgahawani ni meza ya wenzake wa hatari, wale walioshuka naye. Jibu hilo lina uzito, nasi hatutalipuuza. Mwezi wa Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, shimo liliporomoka juu ya wachimbaji. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41 ardhini. Mwenzao mmoja alifia humo. Waliishi kwa mizizi, wadudu na vyura. Watu waliokula chakula cha namna hiyo pamoja, gizani, wana udugu ambao sisi wengine hatuwezi kuufahamu vizuri. Hapa hapa Nyarugusu, mwishoni mwa Januari 2017, wachimbaji 15 walifukiwa mgodini, wakaokolewa wote baada ya siku kama tatu. Ushirika wa shimoni ni jambo takatifu kwa namna yake, nao wastahili kufurahiwa.

Lakini katika siku kama hizo shimo lina watu wa pande mbili: walio chini na walio juu. Walio chini wana giza lao, na walio juu wana lao. Mke anayengoja juu hajui kama apike au aanze kulia. Watoto wamwuliza, naye hana la kuwajibu. Huyo naye yu katika hatari ile ile, ingawa jua lamwangazia. Basi mume anapowaita wenzake wa hatari waje kula, asisahau kwamba walio wengi katika wenzake hao wako nyumbani.

Pili atasema: “Lakini fedha za matumizi nimeacha.” Nalo ni kweli, na twamsifu kwa hilo, maana wako wasioacha chochote. Lakini kumpa mtu chakula ni jambo moja, na kula naye ni jambo jingine. Mfugo nao hupewa chakula. Ndugu ndiye tunayeketi naye. Mtoto aliyeachiwa fedha ya dagaa hatakufa njaa, lakini baada ya miaka kumi ya kuachiwa fedha atakuwa amejifunza kwamba baba ni mtu anayeacha kitu juu ya meza na kwenda mahali pengine penye furaha.

Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni katika uwanja wa kaya, ambapo wanaume na vijana walikutana kula, kuota moto na kufundishana. Akina mama na wasichana walikula mahali pao. Hatusemi kwamba desturi hiyo irudi kama ilivyokuwa, kwa maana ndoa ya Kikristu yawaita mume na mke wawe karibu zaidi ya hapo. Lakini shikome ilikuwa na jambo moja jema tulilolipoteza: haikuwezekana mtu kula pale kwa siri. Kijana aliyeketi kando ya baba yake alichovya katika bakuli lile lile, akajua kwamba siku ya nyama ni ya kaya nzima, na siku ya mlenda na michembe ni ya kaya nzima. Hakuhitaji kuelezwa haki ni nini.

Mtakatifu Paulo alipata kuwakemea Wakristu wa Korinto kwa ukali mkubwa juu ya jambo la kula. Walikusanyika kwa ajili ya karamu ya Bwana, lakini wenye vitu walitangulia kula chao wakashiba, huku wenzao maskini wakibaki na njaa na aibu. Tuangalie vema kosa lilikuwa wapi. Mtume hakuwakemea kwa kuwa nyama ilikuwa nono. Kosa lilikuwa kwamba mwili mmoja ulikuwa na meza mbili. Akawaambia kwamba kwa hali hiyo hawali karamu ya Bwana hata kidogo. Sasa nyumba ya Wakristu ni Kanisa dogo, kama mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walivyokumbusha mwaka 1964. Kama Kanisa kubwa lilikatazwa kuwa na meza mbili, je, hili dogo laweza kuruhusiwa?

Tatu, naye hulisema jibu hili akicheka, ingawa ndilo lenye huzuni kupita yote: “Ponda mali, kufa kwaja.” Mchimbaji hasemi hivyo kwa ujinga. Ameona mashimo yakifunga vinywa. Kwake kesho si jambo la hakika kama lilivyo kwa mwalimu au kwa mkulima wa mpunga, na mahubiri juu ya akiba huyasikia kama maneno ya watu wasiopata kushuka kwa kamba. Basi hatutamjibu kwa kumwambia kwamba kufa hakuji. Kwaja kweli, na kwa upande wake labda kwaja mapema kuliko kwetu.

Lakini tuyapime maneno yake kwa uzito wake kamili. Kama kweli siku ni chache, ni nani anayestahili kuzipata? Mtu anayejua kwamba huenda kesho asirudi, ataka jioni ya leo iwekwe katika kumbukumbu ya nani? Wenzake wa mgahawani wamtakia mema, lakini wao nao wako katika shimo lile lile, na pengine watafukiwa pamoja naye. Watakaobaki kumkumbuka ni wale watoto watano. Akifa kesho, watakumbuka nini? Watakumbuka kwamba baba alipata dhahabu, walisikia kwa majirani. Ladha yake hawakuijua. Wahenga walisema, “Mla, mla leo, mla jana kala nini?” Nasi twaongeza kwamba aliyekula jana na watoto wake amebakiza kitu, kwa maana kila mtoto aliyekuwapo amekichukua. Kufa kwaja: basi, baba, harakisha ukale nao.

Tukimaliza na mume, kuna wengine wa kuambiwa neno. Kabla ya mgahawa mpya kufunguliwa, wachimbaji walilishwa na mama lishe. Hao hupika kwa kuni chini ya turubai, na katika miezi mitupu hupika kwa mkopo, wakiandika majina katika daftari lililojaa masizi. Ni aibu kubwa kwa mtu kuagiza sahani ya kelele na moshi wakati jina lake lingali katika daftari la mama lishe. Deni la chakula kilicholiwa ni deni la haki. Hulipwa kabla ya karamu, wala si baada yake. Akiuliza cha nani alichoiba, huenda jibu la kwanza limo katika daftari lile.

Mwenye mgahawa naye si adui wetu. Amethubutu kuweka mali yake mahali ambapo wengi huchukua tu na kuondoka. Anunua vitunguu na kabichi kwa wakulima, na kuwapa vijana kazi. Twamwomba jambo moja. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, alifundisha kwamba ujira lazima umtoshe mfanya kazi kuishi maisha yanayomfaa binadamu, na kwamba kukubaliana tu hakutoshi kuuhalalisha ujira mdogo, ikiwa mtu amekubali kwa kuwa hana njia nyingine. Yule binti achukuaye chuma cha moto mara hamsini kwa usiku, je, yeye mwenyewe amekula? Analipwa mwisho wa mwezi, au huambiwa angoje? Anarudije nyumbani usiku? Mgahawa ambao wahudumu wake wana njaa ni meza mbili ndani ya chumba kimoja.

Wala tusimwache mama aliyetuandikia bila neno, kwa kuwa haki haina upande. Kuna nyumba ambazo mume akiingia hupokewa kwa hesabu za madeni kabla hajanawa mikono, na kila kijiko kinakuwa kesi. Mtu hukimbia meza ya namna hiyo, hata iwe na kuku. Hatujui kama ndivyo ilivyo katika nyumba hii, wala hatumshitaki. Twasema tu kwamba anayetaka mwenzake arudi mezani hana budi kuifanya meza iwe mahali pa kurudi. Madeni yana wakati wake, na wakati wa kula una adabu yake. Nasi mapadre, tunaokaribishwa mara kwa mara kwenye meza nzuri za Wakristu, hatuna budi kutazama kila tunapoketi ni nani aliyepika na hakuitwa kukaa.

Sasa tujibu. Je, mume huyu kaiba? Mbele ya hakimu hakuiba. Hakuna mahakama itakayompeleka gerezani kwa sababu ya nyama. Lakini haki ni pana kuliko sheria ya mahakama. Amekula fungu ambalo ndani yake mlikuwa na mafungu ya wengine: la mke aliyegharimia miezi mitupu, na la watoto waliokula janga pamoja naye kabla hawajajua kusema. Kosa hilo si la chakula wala la mgahawa. Ni kosa la kugawa. Nalo, kwa neema ya Mungu, latengenezeka kwa urahisi kuliko makosa mengi tunayoyasikia.

Hatumwambii asiende tena. Twamwambia aende nao. Duara likitema tena, alipe kwanza daftari la mama lishe, atenge ada ya shule na kitu cha akiba, na kama kinabaki cha kutosha, awavishe watoto nguo zao za Dominika, awapeleke wote pale barabarani, na kiti cha kwanza ampe mke wake. Hili la kiti tunalikazia. Mama huyu, kwa hesabu yetu, amepika mara mbili kila siku tangu alipoolewa. Huenda hajapata hata siku moja kuketi akaletewa chakula ambacho hakukipika yeye, katika sahani ambayo hataiosha yeye. Kelele ya chuma kile, ikiwa ina heshima yoyote ya kutoa, yeye ndiye wa kwanza kuistahili. Nao watoto wageuze vichwa siku hiyo wamwone mama yao akihudumiwa. Somo hilo halifundishwi darasani.

Na wale ambao fedha zao hazifiki huko, wasikope kwa ajili ya moshi. Nusu kilo ya nyama na kitunguu kimoja, katika kikaango cha nyumbani kilichoshika moto vizuri, kitapiga kelele yake pia, nayo itasikika mpaka kwa jirani. Kama jirani huyo ana njaa, aitwe. Kisha, kabla ya mkono wowote kugusa chakula, baba aseme sala. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, aliwaomba waamini wairudie desturi hiyo ya kumshukuru Mungu kabla ya kula na baada yake. Anayeshukuru kwa sauti mbele ya watu wake huona mara moja ni nani asiyekuwapo.

Usemi wa wahenga juu ya janga hatuwezi kuubadili. Ni kweli, na utabaki kuwa kweli maadamu kuna mashimo na watu wa kushuka. Lakini nusu yake ya pili, iliyo ya furaha, haijasemwa bado katika nyumba nyingi, wala haiwezi kusemwa na mhariri wala na padre. Itasemwa na baba wa Nyarugusu, jioni moja, akirudi na vumbi kichwani, atakapofungua mlango na kuwaambia walio ndani: “Vaeni, twende tukale.”